Asali Isiyo na Sisimizi

Gerejini kwetu hapa Tabora iliingia pikapu ya mzee mmoja, mrina asali wa Sikonge. Ilikuja na gia moja tu tangu njia panda, maana nyingine zimegoma.

"Kijana, ukiikanyaga klachi mara tatu upesi upesi, gia inaingia."

Hapo Mzee alishanipa jibu lote. Klachi inayokubali baada ya kupampu ina tatizo kwenye mafuta yake, yale yale ya breki: masta ya juu, pampu ndogo ya kwenye pedali, au ya chini, ya kwenye gia boksi. Mimi, fundi, nikajibu hata sijainama: "Pleti, sahani ya klachi, imekwisha, Mzee. Tunashusha gia boksi."

Kupima nilipima. Injini ikiwa imezimwa, gia zote ziliingia laini. Nikawasha, nikakanyaga, nikahesabu mpaka tano, nikatia rivasi: krrrr! Kuku wa jirani wakatawanyika. Maana yake klachi haiachii injini. Pleti iliyokwisha haina tabia hiyo. Yenyewe huteleza, injini inavuma gari haliendi, na harufu ya kuungua juu. Haya yote nayajua. Ila fundi akishaitamani gia boksi, masikio huziba.

Chini ya pedali kapeti lilikuwa limelowa, linateleza. Nyuma madumu sita ya asali. "Mzee, asali yako inavuja," nikasema, nikachovya kidole nikalamba. Mafuta ya breki ni sumu, na ladha yake sikumtakia hata mdeni wangu. Nikatema, nikajikaza: "Asali ya miombo hii, ina uchungu kidogo." Mzee akanitazama tu.

Saa nane boksi liko chini. Pleti bado nene, vichwa vya ribiti, misumari yake, vimezama zaidi ya milimita moja. Rilizi beringi, ile ya kuachia klachi, inazunguka kimya. Mzee akatoka chini ya mwembe, akainama kwenye kapeti.

"Mwanangu, asali ikimwagika Tabora, dakika tano sisimizi wameshafika. Hapa yuko wapi hata mmoja?"

Nikavuta raba ya fimbo ya pedali: mafuta chururu, na rangi ya bodi pale chini imebabuka. Masta ya juu imekufa, peupe kabisa. Dogo wa spana naye akataka kuhakikisha, akapampu mara tatu kama Mzee alivyofundisha, masta ya chini ikiwa inaning'inia bila boksi. Pistoni ikaruka, mafuta yote kwenye shati langu. Sasa zinatakiwa mbili.

Tukarudisha boksi, tukafunga masta mpya. Kati ya fimbo na pistoni niliacha nafasi ya milimita moja hivi. Ukiibana, mafuta hayarudi kwenye kikopo na klachi itaanza kuteleza kweli. Kisha kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta: mpira mweupe kwenye nati ya kutolea upepo ya masta ya chini, ncha nyingine ndani ya chupa yenye mafuta. Dogo anakanyaga na kushikilia, nafungua kwa spana namba 10, nafunga, ndipo anaachia. Mara kumi na nane, kikopo hakiachwi kikauke, mpaka mapovu yakakoma.

Rivasi ikaingia kimya. Mzee akalipa masta mbili, mafuta na kutoa upepo. Ya kushusha boksi akasema niwadai sisimizi. Akaniachia nusu lita ya asali mezani, nijue tofauti.

Hajafika barabara kuu, walikuwa wameshapanda.