Uunitari haukuzaliwa Boston

Juzi kwenye daladala redio ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho, na mhubiri mmoja akatuhakikishia kuwa Waunitari, yaani Wakristo wanaokana Utatu, ni zao la Wamarekani wa Boston wa juzijuzi, watu walioshiba wakakosa kazi. Abiria wakaitikia amina. Mimi nikashuka na hasira zangu.

Boston! Jumuiya ya Waunitari wa Marekani iliundwa 1825. Transilvania, ambayo leo iko Romania, walishakuwa na askofu, makanisa na hata mtawala wa imani yao zaidi ya miaka 250 kabla. Hadi leo makanisani mwao utakuta pameandikwa kwa Kihungari, Egy az Isten: Mungu ni mmoja.

Mwanzilishi wao, Ferenc Dávid, alianza akiwa padri Mkatoliki, akahamia kwa Luther, kisha kwa Calvin, wote wanamageuzi wa Kiprotestanti, mwishowe akasema Utatu hauoni kwenye Biblia. Kigeugeu? Haya, kidogo. Lakini alihama hadharani, kwa hoja. Mwaka 1568 bunge lililoketi Torda, mji wa Transilvania, likaamua kila mhubiri ahubiri Injili anavyoielewa, na waumini wasiomtaka wasilazimishwe, maana imani ni zawadi ya Mungu. Miaka 15 tu kabla, Geneva walimchoma moto mwanateolojia Servetus kwa suala hilohilo la Utatu.

Ila wanaoisifu Torda nao hunikera. Wanaishia kwenye sherehe. Mtawala yule wa imani yao, János Zsigmond, alifariki 1571, utawala akaushika Mkatoliki, István Báthory, na 1572 ikapitishwa sheria: mliyo nayo shikeni, jipya marufuku. Uhuru wa kuamini, ilimradi usiendelee kufikiri! Dávid akaendelea. Alipofika kusema Yesu asielekezewe sala, aliyemgeuka hakuwa Papa wala Wakalvini. Alikuwa Giorgio Biandrata, daktari wa ikulu, mwenzake tangu mwanzo wa mapambano. Ndiye aliyemshtaki kwa wakubwa. Dávid akahukumiwa kifungo cha maisha, akafia kwenye ngome ya Déva mwaka 1579, mzee mgonjwa. Kosa lake eti kuleta jipya, katika kanisa alilolianzisha mwenyewe.

Na Waorthodoksi wa Kiromania hawakuwamo kabisa kati ya dini nne zilizotambuliwa kisheria: Wakatoliki, Walutheri, Wakalvini na Waunitari. Hilo nalo husemwa kwa sauti ya chini.

Wapo wanaomtetea Biandrata, kwamba alimtoa mmoja ili kanisa lipone. Huenda. Waliokana Utatu kule Poland walifukuzwa nchini 1658, na hawa wa Transilvania wapo mpaka leo. Lakini jamani, hata kunyamaza tu kulimshinda Biandrata?