Msitu wa kwanza kuuingia ulikuwa wa watu

Bibi ninayemtunza hapa Firenze ana miaka tisini na kitu, na kila ikifika Oktoba hana jambo jingine ila kastanya. Kazi yangu huku wanaiita badante: kumwogesha mzee, kumpikia, kumpa dawa kwa saa zake, kulala chumba cha pili ili usiku akiita nisikie. Jumapili ni siku yangu. Jumapili hiyo aliniambia, kwa amri wala si kwa ombi, nipande gari moshi niende Marradi kwenye sherehe ya kastanya, nimletee kilo mbili za zile kubwa. "Usininunulie za sokoni hapa," akasema. "Hizo simjui mama yao."

Nikaenda. Marradi ni kijiji cha watu kama elfu tatu kwenye milima ya Apennini, juu katika bonde la mto Lamone. Reli inayopita hapo ilifunguliwa 1893, inatoka Firenze na kuvuka milima hadi Faenza. Njiani ni mahandaki matupu: unatoka gizani unaona msitu, unaingia gizani tena, ukitoka ni msitu ule ule umezidi kuwa mwekundu. Kila Jumapili ya Oktoba kijiji hicho kinajaa watu wanaokuja kula kastanya, na sisi tuliojazana kwenye behewa siku ile tulikuwa tumebanana kama matatu ya Malindi jioni ya mwisho wa mwezi.

Kwa asiyezijua, kastanya ni tunda la mti mkubwa wa milimani. Lina ganda la kahawia linalong'aa kama kiti cha Lamu kilichopigwa vanishi, na juu mtini hukaa ndani ya mfuko wa miiba mfano wa kalunguyeye aliyejikunja. Wanazichoma kwenye makarai yenye matundu juu ya moto wa kuni. Harufu ile ilinitoa Italia ikanirudisha Kilifi moja kwa moja, kwa wale kina mama wanaochoma korosho juu ya bati lililotobolewa, moshi unakutoa machozi na bado husogei.

Kulikuwa na tambi za kukunjwa zilizojazwa kastanya. Kulikuwa na castagnaccio, mkate wa unga wa kastanya, maji na mafuta ya zeituni, bila sukari hata chembe. Ufikirie mkate wa sinia uliokataa kuumuka. Kipande cha kwanza sikukipenda. Cha tatu nilikuwa nakitafuta mwenyewe. Nguruwe naye alikuwepo, tena kila kona, na mvinyo ukimwagwa kama maji ya kisima. Mimi na ushungi wangu nilikuwa nauliza meza baada ya meza, mpaka mama mmoja mwenye aproni akanishika mkono akanipitisha kote: hii yako, hii si yako, hii yako. Hakuniuliza natoka wapi. Aliona tu mtu anataka kula.

Nilikuja kujua baadaye kwamba yule mama ni mwalimu wa shule. Aliyekuwa akichoma kastanya huku jasho linamtoka, siku za kazi anauza dawa. Vijana waliokuwa wakikusanya sahani ni wanafunzi. Huku karibu kila kijiji kina chama chake cha wenyeji, wanakiita Pro Loco, na siku ya sherehe watu wake hufanya kazi ya kujitolea. Niliambiwa hela inayopatikana inabaki pale pale, kwa ajili ya kijiji. Mezani hakukuwa na mwenye hoteli.

Mchana mzee mmoja akatupeleka msituni, nyuma ya nyumba za mwisho. Nilidhani nitaona pori. Kumbe mikastanya ile kila mmoja una mwenyewe, kama minazi yetu, imepandikizwa na babu za babu zao, na mingine shina lake watu watatu hawalizunguki kwa mikono. Huokoti iliyoanguka ovyo. Ni embe la jirani hilo. Wakati wa vita na njaa huo ndio uliokuwa unga wao, na mpaka leo wanauita mti wa mkate. Walizikausha kwa wiki kadhaa kwenye vibanda vya mawe, juu ya moto wa polepole, kisha wakazisaga. Mzee akatuonyesha pia majani yenye vifundo. Kuna kidudu kilichotoka China kikaonekana Italia 2002, kinataga kwenye machipukizi, na mavuno yakaanguka miaka mingi. Dawa waliyoipata ni kuleta kijinyigu kingine chenye asili ya huko huko kinachokula watoto wa kile cha kwanza. Mzee alikisimulia kijinyigu hicho kama mtu anayemsifu mkwewe.

Hapo ndipo aibu iliponishika.

Mimi nimezaliwa Malindi. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko mkono wa kulia ukienda Mombasa, kilomita za mraba zaidi ya 400, miongoni mwa mabaki makubwa ya misitu ya pwani yaliyosalia Afrika Mashariki. Nimeupita kwa matatu tangu nikiwa mapajani mwa mama. Nimeupita nikienda shule ya bweni, harusini, matangani, na siku ya kwenda kupanda ndege ya kuja huku. Sikuwahi kushuka hata mara moja. Ndani yake kuna sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, mwenye matako ya rangi ya dhahabu, na kuna bundi mdogo wa Sokoke ambaye watu hupanda ndege kutoka Ulaya waje kumtafuta usiku kwa tochi. Mimi nimepanda ndege kwenda Ulaya ndiyo nikaingie msitu wa kwanza maishani mwangu, tena wa watu.

Nimejiuliza sababu. Si umaskini peke yake, maana nauli ya kufika Gede, kando ya msitu huo, haikuwa kitu. Sisi watoto wa mjini tulikua tukijua kwamba kutembea kwa raha ni kazi ya mgeni. Msitu ni wa ndovu na maaskari wa wanyamapori, ufuo mzuri ni wa hoteli. Nina miaka kumi na saba, mlinzi wa hoteli moja alinisimamisha mchangani, mchanga tulioogelea tangu utotoni, akaniuliza, "Unaenda kwa nani?" Sikuwa naenda kwa nani. Nilikuwa naenda baharini.

Waitaliano wamekuwa Malindi zamani. Pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, walirusha setilaiti iliyopewa jina Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Mtoto wa kwetu anajua kusema ciao kabla hajamaliza juzuu ya kwanza, na mimi Kiitaliano changu cha mwanzo nilikiokota kwa wauza vinyago, ndicho kilichonipatia kazi hii. Jirani ya bibi yangu hapa amekuja Malindi mara mbili. Ananitajia bwawa la kuogelea na mkahawa wa samaki. Nilipomuuliza kama alifika Shela au Barani, mitaa yetu ya Malindi, akasema hayajui majina hayo, ndiyo visiwa? Simlaumu. Hata mimi sijui wenye hoteli walalapo.

Lakini jamani tusidanganyane kuwa kwetu hakuna shughuli. Nilipokuwa nimesimama pale Marradi na sahani yangu, kitu kilikuwa kinanikumbusha mahali na sikupajua mpaka nilipoanza kusikia ngoma za bendi yao. Ni Mambrui, mji mdogo karibu na Malindi, siku za Maulidi. Watu wanatoka Lamu, wanatoka Mombasa na Tana, nyumba zinafunguliwa, mikeka inatandikwa mpaka uani, pilau inatoka kwenye masufuria ya kupanda ngazi, matari mpaka alfajiri. Na hata asingetokea mgeni mmoja, Maulidi yangesomwa vile vile. Marradi ni hivyo hivyo. Kastanya zingechomwa hata gari moshi lisingefika. Ndiyo maana mgeni anaona raha pale: amekuta jambo la watu linaendelea, naye akasogezewa nafasi. Malindi mjini tumekaa tukimtengenezea mgeni sherehe, na mgeni asipokuja mwaka huo tunafunga milango tunalia.

Tofauti ipo, nayo haiwapendelei wao. Saa kumi na moja jioni behewa zilijaa tena, na nilipoangalia nyuma madirisha mengi ya kijiji kile yalikuwa yamefungwa, si kwa baridi, kwa kukosa mtu. Vijana wameshuka mijini. Hakuna aliyeniuliza nitalala wapi. Mambrui ukitaka kuondoka bila kula utagombana na watu.

Hata msitu, wenzetu Wamijikenda hawakuhitaji Mtaliano awafundishe. Kaya zao, ile misitu yao mitakatifu, zina wazee, zina miiko, kuna mti usiokatwa na mahali usipopita na viatu. Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti mwaka 1914 kwa sababu walijua nguvu ya Wagiriama inakaa mle, na mwaka 2008 kaya kadhaa zikaingizwa kwenye urithi wa dunia. Sisi wa mjini ndio tuliokuwa tukiwacheka, tukawaita watu wa porini. Gede, tangu 1993, wakulima wanafuga viwavi wa vipepeo wa msituni na kuuza pupa, yaani viwavi waliojifunga tayari kugeuka vipepeo, kwenye nyumba za vipepeo ng'ambo. Mida kuna daraja la kamba juu ya mikoko, na kiingilio chake kinasomesha watoto wa kando ya msitu. Marafa wenyeji wenyewe ndio wanaokushusha kwenye lile korongo jekundu la Nyari. Kwa hiyo ndugu zangu mnaorudi Desemba, mnakaa wiki tatu kwenye viti vya hoteli mkipiga picha za madafu, kisha mnatuambia nyumbani hakuna pa kwenda, mimi nawaelewa kwa sababu nilikuwa mmoja wenu. Ila msiniambie tena.

Bibi alizinusa kastanya zake moja moja kama anayechagua halwa. Akaniuliza, na kwenu mnaokota nini msituni? Nikamwambia vipepeo. Akacheka mpaka nikamshika asianguke.

Usiku nikampigia mama. Nikamwambia Desemba nikija nataka kuwapeleka watoto wa dada Arabuko-Sokoke, kutwa nzima.

"Msituni? Umepoteza nini huko, mwanangu?"

Watoto wanne wamekubali, mmoja kwa masharti kwamba kuna ndovu kweli. Mama naye amesema atakuja, bora asishushwe garini.