Ile Si Jela ya Socrates

Kila kiangazi mitandao hujaa picha zilezile: mtalii ameshika nondo za mapango ya kilima cha Filopappou, Athens, kanuna kama kafiwa, na chini kaandika kwamba hapa ndipo Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyehukumiwa kifo, alipofungwa na kunyweshwa sumu. Jamani! Na kibao cha pale nacho kinachochea. Mapango hayo historia yanayo: wakati wa Vita Kuu ya Pili yalifichiwa hazina za makumbusho, yakazibwa kwa ukuta wa zege. Socrates hahusiki.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba jibu limo ndani ya Phaedo, kitabu cha mwanafunzi wake Plato kuhusu siku yake ya mwisho, ambacho haohao huapa wamekisoma. Plato anasema marafiki walikuwa wakikutana kila alfajiri mahakamani, wakingoja jela ifunguliwe, kwa sababu ilikuwa jirani. Mahakama gani ilikuwa kule kilimani? Shuka Agora, uwanja wa soko na mikutano wa Athens ya kale. Kusini-magharibi mwa uwanja kuna misingi ya jengo: ujia katikati, vyumba vidogo huku na huku, ua kwa nyuma, na chumba kimoja chenye beseni na mtungi mkubwa uliofukiwa sakafuni. Phaedo inasema Socrates alioga kabla ya kunywa sumu. Humo vilichimbuliwa vichupa 13 vya udongo, vidogo vya kutilia dawa, na kipande cha kisanamu cha Socrates mwenyewe. Katazame makumbusho ya Stoa (ukumbi mrefu wa nguzo) ya Attalos, humohumo Agora. Haya, wapo wataalamu wanaokataa kuwa jengo hilo ni jela. Sawa, lakini hapo angalau mnabishania ushahidi.

Anayetaka kujifunza falsafa kwa miguu afuate mwenendo wa kesi, aachane na ratiba ya basi la watalii. Aanzie nje ya Agora, barabara ya Adrianou, achungulie Stoa ya Kifalme, alikokwenda Socrates kuitikia mashtaka mwaka 399 KK. Iko ng'ambo ya reli, ndiyo maana wanaokimbilia kukata tiketi huikosa. Euthyphro, kitabu kingine cha Plato, inaanzia hapo, na ni fupi, inasomeka kwa kikao kimoja. Kisha ndani, kwenye jiwe la mpaka lililoandikwa “mimi ni mpaka wa Agora”. Ubavuni mwake palikuwa na nyumba ilimookotwa misumari ya viatu, vipete vya mfupa vya kupitishia kamba, na kitako cha kikombe chenye jina la Simon. Waandishi wa kale wanamtaja Simon fundi viatu ambaye Socrates alikuwa akipiga soga dukani kwake. Ukitoka hapo ndipo uende kwenye jela.

Akropoli? Nzuri, ina foleni.

Akademia, shule ya Plato, ni kama kilomita moja na nusu kutoka Dipylon, lango la mji wa kale. Siku hizi ni bustani ya mtaa, kuingia bure, na anayetarajia nguzo za marumaru atarudi amenuna. Lykeion, shule ya mwanafalsafa Aristotle, ilifukuliwa 1996 mafundi wakichimba msingi wa makumbusho mengine. Kilichobaki ni misingi ya ukumbi wa mieleka. Nenda asubuhi, na ubebe vitabu vya karatasi, maana kwenye jua lile skrini ya simu haisomeki.