Victoria Santa Cruz na ngoma isiyo na karatasi

Kuna video ya mwaka 1978 ambayo kila nikiirudia, huwa nayasubiri makofi. Mwanamke mweusi wa makamo anasimulia kwa shairi kwamba alikuwa na miaka 7 tu, kisha anajisahihisha, hata 5 hakuwa amefika, pale watu mtaani walipomzomea: "Negra!" Yaani, mweusi wewe. Waitikiaji wanalidaka neno, wanalirudisha na makofi, tena na tena. Anasimulia alivyozinyoosha nywele, alivyojipaka poda usoni, na neno halikomi kumwandama. Halafu shairi linageuka. Neno ni lile lile, ila sasa analitamka yeye, kifua mbele, na waitikiaji ni wake.

Huyo ndiye Victoria Santa Cruz, mzaliwa wa Lima, Peru, 1922. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliongoza kundi la Cumanana pamoja na mdogo wake, Nicomedes, fundi chuma aliyeacha nyundo akawa malenga. Nicomedes alitunga kwa décima, beti za mistari 10, kila mstari mizani 8, idadi ile ile ya mstari wa utenzi wetu. Victoria akaenda kusoma Paris, akarudi, na mwaka 1966 akaanzisha kundi lake la maigizo na ngoma za watu weusi.

Kazi ilikuwa ngumu. Waafrika waliopelekwa Peru utumwani walitoka makabila mengi wakachanganywa, na utumwa ulipokomeshwa mwaka 1854 ngoma nyingi zilishabaki vipande: wimbo kwa bibi huyu, pigo la kasha la mbao kwa mzee yule. Landó, ngoma mojawapo ya watu weusi wa Peru, ilikuwa imesahaulika hasa. Victoria akasema mwili wenyewe unakumbuka, akaita kumbukumbu ya mababu, akaziunda upya hatua zake.

Hapo ndipo wengine humkatalia: huko si kufufua, ni kubuni. Na mimi, niseme kweli, siamini kwamba damu hubeba hatua za ngoma. Lakini mama yake alikuwa mchezaji hodari wa marinera, dansi ya Peru, na mtoto aliyekulia nyumba kama ile husikia mguu unapotakiwa kutua. Hata kwetu, nani aliyeandikiwa ngoma kwenye daftari? Unasimama nyuma ya shangazi, unatazama nyonga, unakosea, unachekwa, unarudia. Mnyororo huo ukikatika, aliyebaki na mapigo tu afanye nini kama si kuyasikiliza mpaka miguu ijibu? Afadhali landó iliyoshonwa kwa viraka na watu wakaicheza kuliko ile safi ambayo haipo.

Tangu 2006 Peru ina Siku ya Utamaduni wa Waperu wenye asili ya Afrika, tarehe 4 Juni, siku aliyozaliwa Nicomedes. Simnyimi haki yake. Ila yeye alituachia maandishi, na maandishi hujitetea yenyewe. Mimi ningeihamishia tarehe 27 Oktoba, siku ya kuzaliwa kwa dada yake, na anayebisha aje tubishane.