Aya ina sentensi ngapi? Niacheni!

Hivi nani alianzisha hii sheria kwamba kila aya ya insha ya kitaaluma lazima iwe na sentensi tano? Mhadhiri mmoja anaandika pembeni kwa wino mwekundu "fupi mno", mwingine anaiona aya ileile anasema igawe. Tumsikilize nani?

Matokeo yake watu wanajazia. Hoja imeshakwisha kwenye sentensi ya tatu, lakini kwa kuwa hesabu haijatimia, inapachikwa: "Hivyo basi, ni dhahiri kwamba suala hili lina umuhimu mkubwa." Umuhimu gani? Kwa nani? Hakuna.

Aya ni hoja moja. Itaje, lete ushahidi, eleza ushahidi huo unathibitisha nini, songa mbele. Ukifanya hivyo, mara nyingi utajikuta kwenye maneno 100 hadi 200 bila kuhesabu chochote. Ikijaa ukurasa mzima, kuna hoja mbili zimebanana humo. Tafuta palipoandikwa "kwa upande mwingine", ukate hapohapo. Na nyie wa aya za sentensi mojamoja, hiyo ni habari ya gazeti, si insha.