Kiunzi cha ukurasa wa wavuti: tukiachie programu au tukiandike kwa mkono?

Ukifungua faili tupu la HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, katika Visual Studio Code, programu ya kuandikia msimbo, ukaandika alama ya mshangao na kubonyeza kitufe cha Tab, zana iitwayo Emmet hukuandikia papo hapo kiunzi cha ukurasa, yaani mistari kama kumi: tamko la DOCTYPE, sehemu ya kichwa, mahali pa jina la ukurasa na mwili mtupu. Programu za akili mnemba zimekwenda mbali zaidi, kwa kuwa ukiziagiza ukurasa wenye menyu juu, safu mbili katikati na anwani chini, zinakuletea vyote pamoja na CSS yake, yaani maelekezo ya mpangilio na mwonekano. Wako walimu wanaowakataza wanafunzi wao kugusa zana hizi, wakisema kwamba asiyewahi kuandika kiunzi kwa mkono hatajua pa kuanzia siku kitakapovunjika.

Hoja hiyo ina uzito, ila nadhani imeelekezwa mahali pasipo pake. Mistari ya kichwa haimfunzi mtu kufikiri. Ni mambo ya kunakili, na anayeyaandika kwa kumbukumbu husahau. Akisahau DOCTYPE, kivinjari huuchora ukurasa kwa kanuni za zamani na vipimo vya visanduku huweza kubadilika. Akisahau mstari wa viewport, unaoiambia simu upana wa kuuchorea ukurasa, simu huuchukulia ukurasa kana kwamba ni wa kompyuta na kuusinyaza hadi maandishi hayasomeki. Kosa la kusahau charset, mstari unaotaja usimbaji wa herufi, ndilo linalojificha zaidi kwa sisi tunaoandika Kiswahili, kwa sababu herufi zetu ni za kawaida na ukurasa utaonekana salama, mpaka siku mtu atakapobandika kutoka Word neno kama ng’ombe lenye alama ya mkato iliyopinda, na msomaji akaona â€™ katikati ya neno. Kwa kazi hiyo zana ni ya kutegemewa kuliko mimi.

Hata hivyo, zana haiachi nafasi wazi pale isipojua, hujaza. Emmet huandika lang="en", alama inayosema lugha ya ukurasa ni Kiingereza, na kuupa ukurasa jina la Document, na ndiyo maana kuna kurasa za Kiswahili kitupu zinazojitangaza kuwa za Kiingereza. Jina la Document angalau mwenye ukurasa ataliona juu ya kivinjari. Alama ya lugha haionekani, ilhali programu zinazowasomea wasioona huitegemea kuchagua matamshi, na WCAG, mwongozo wa kufanya wavuti itumike na watu wenye ulemavu, unaihesabu miongoni mwa masharti ya ngazi ya kwanza kabisa, ile ya A. Asiyeona anaweza kusomewa Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na mwenye tovuti asijue kamwe.

Kuhusu mwili wa ukurasa, naegemea upande wa walimu. Zamani kupanga safu mbili kulihitaji hila za float, sifa ya CSS ya kuegemeza kitu upande mmoja, na kuazima mpangilio wa Bootstrap, mkusanyiko wa CSS iliyoandikwa tayari, kulikuwa na maana. Lakini tangu 2017, vivinjari vikuu vilipoanza kukubali CSS Grid, mfumo wa CSS wa kupanga safu wima na mlalo, kazi hiyo ni ya mistari michache. Programu za akili mnemba, kinyume chake, mara nyingi hurundika div, visanduku visivyo na maana maalumu, ndani ya div nyingine mahali ambapo alama zenye maana kama header, nav, main na footer zingetosha, na wakati mwingine huvuta maktaba nzima ya msimbo kwa ajili ya menyu moja, gharama ambayo mwishowe inalipwa kwa bando la msomaji. Anayeanza hawezi kuukagua mrundikano huo, kwa kuwa bado hajui ukurasa wenyewe ungepaswa kuwa mfupi kiasi gani.

Kwa hiyo kichwa ningekiachia Emmet, mwili ningeuandika mwenyewe, na kabla ya yote ningerekebisha chaguo-msingi lake: katika mipangilio ya Visual Studio Code kuna kipengele cha emmet.variables, ambamo lang ikiwekwa sw, alama ya Kiswahili, mara moja, kila kiunzi kinachofuata hutoka na sw.