Breki Zilikubali

Watu wote walionikuta siku ile, kuanzia akina mama waliokuwa wakiomba kileleni hadi muuguzi aliyenifunga bendeji, waliniuliza swali moja tu: "Breki zilikataa?" Ilinibidi nimjibu kila mmoja wao kwamba breki hazikukataa hata kidogo. Zilikubali, tena kwa moyo wote. Ila breki niliyoiita siyo iliyoitika.

Mimi ni mtu wa ofisini hapa Nairobi, mwenye umri wa miaka 44 na tumbo ambalo mke wangu, Mama Nduta, huliita akiba. Mpwa wangu, kijana wa chuo asiyejua maana ya kuchoka, ndiye aliyenishawishi kwamba dawa ya akiba hiyo ni baiskeli ya milimani. Nilimwendea mfanyabiashara mmoja anayeuza baiskeli za mtumba zinazoletwa kwa kontena kutoka Marekani, nikachagua moja ya rangi ya samawati, yenye matairi manene ya meno, shokamzoba mbele, na breki za diski zinazotumia mafuta badala ya waya. Ilikuwa bado na kibandiko cha bei kwa dola, ambacho nilikiacha makusudi ili majirani wakione.

Kabla ya kuipanda niliipeleka kwa fundi wetu wa mtaani, mzee mpole anayefanya kazi chini ya mjakaranda kando ya barabara. Aliinua gurudumu la mbele, akalizungusha, kisha akabana breki ya mkono wa kushoto. Gurudumu likasimama tuli.

"Mzee," akaniambia, "hii ni ya Marekani. Breki ya mbele iko kushoto."

Akanieleza jambo ambalo, nakiri, lilikuwa na mantiki. Huku kwetu tulirithi mtindo wa Mwingereza: tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na breki ya mbele ya baiskeli huwekwa mkono wa kulia, ili mtu anaponyosha mkono huo kuashiria kwamba anakata kulia, mkono wa kushoto ubaki na breki ya nyuma, ambayo haina hasira. Mmarekani huendesha upande wa kulia, kwa hiyo amegeuza kila kitu. Fundi alitaka shilingi 1,500 kuzihamisha, kwa sababu breki za mafuta zina mipira ambayo lazima ifunguliwe, ibadilishwe upande, na hewa yote itolewe ndani yake. Niliona hiyo ni njama ya wazi. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Fundi, mikono ni yangu. Nitaiambia."

Hakubishana nami. Aliendelea kupaka mnyororo mafuta.

Nilifanya mazoezi kwa Jumamosi tatu katika msitu wa Karura, ambako njia ni pana, udongo ni mwekundu na laini, na hatari kubwa zaidi ni nyani anayetamani ndizi yako. Kwa mwendo niliokuwa nao sikuhitaji breki kamwe, maana kuacha kukanyaga pedali kulitosha kunisimamisha. Kwa hiyo mikono yangu haikuambiwa lolote. Ilikaa pale juu ya usukani kama wageni waheshimiwa, nami nikadhani kimya chao ni ishara kwamba wameelewa.

Jumamosi ya nne mpwa wangu aliamua kwamba nimeiva, na kwamba ni wakati wa kwenda vilima vya Ngong. Tulizipakia baiskeli kwenye Probox ya kukodi, tukapitia Karen hadi mji wa Ngong, tukalipa kiingilio langoni na kuanza kupanda kutokea upande wa kaskazini, penye ile mitambo ya upepo ya kuzalisha umeme. Mtu akiitazama mitambo hiyo kutoka mjini huiona kama vijiti vya meno. Akiwa chini yake, huku mapanga yakikata hewa juu ya kichwa, huelewa kwa nini imejengwa pale: upepo wa Ngong haupiti, unakaa. Kilele cha juu kabisa kina mita 2,460, na ingawa Nairobi yenyewe iko juu, nyongeza ya mita mia saba hivi ilitosha kuyafanya mapafu yangu yatoe mlio wa kuku anayefukuzwa.

Nisiwachoshe na kupanda. Nilisukuma baiskeli. Mpwa wangu alikuwa akitangulia, akinisubiri, na akinihutubia. Alinisimulia kwamba mchezo huu ulikuzwa na vijana wa California katika miaka ya 1970, waliochukua mabaiskeli mazito ya zamani na kuyateremsha mlima mmoja karibu na mji wa Fairfax. Baiskeli zile zilikuwa na breki ya kukanyaga kinyumenyume, iliyofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na mteremko ule ulikuwa mkali hivi kwamba grisi iliungua na kutoka moshi. Kila walipofika chini walilazimika kukifungua kitovu na kukipaka grisi upya. Ndiyo maana mashindano yao, yaliyoanza mwaka 1976, yaliitwa Repack, yaani kujaza grisi upya.

"Sasa sisi tuna diski, Mjomba," akasema kwa fahari. "Kidole kimoja tu kinatosha."

Hilo la kidole kimoja ningelitilia maanani zaidi.

Juu ya kilima cha tatu tulilikuta kundi la akina mama kama kumi hivi wakiomba, wamejifunga leso viunoni, mikono juu, sauti zikipeperushwa na upepo kuelekea Bonde la Ufa. Mbele yao njia iliteremka kwenye mgongo wa kilima, nyembamba, yenye changarawe na mfereji uliochimbwa na mvua katikati, na chini kabisa kondoo wa mchungaji mmoja kijana walikuwa wakivuka bila haraka. Mpwa wangu alinipa maagizo: nishushe kiti, nisimame juu ya pedali, nirudishe makalio nyuma ya kiti, nikunje magoti na viwiko. Nilitikisa kichwa kuyakubali yote, kisha nikakaa juu ya kiti kile kile kilichoinuliwa, wima, kama mtu anayesubiri picha ya pasipoti. Yeye akateremka akipiga mluzi. Nami nikamfuata.

Hapa sina budi kumleta marehemu baba yangu. Yeye alikuwa na ile baiskeli nyeusi ya chuma tuliyoiita Black Mamba, yenye breki za fito, na ndiyo niliyojifunzia nikiwa na miaka tisa, mguu mmoja ukiwa umepenyezwa katikati ya fremu kwa sababu kiti kilikuwa kimo cha mtu mzima. Baba alinipa sheria moja tu: "Mteremkoni usiguse ya kulia, itakurusha. Shika ya kushoto." Sheria hiyo ilirudiwa mara nyingi, na mara chache ilisindikizwa na kofi, hata ikaacha kukaa kichwani na kuhamia kwenye mfupa.

Baiskeli ilipoanza kushika kasi, changarawe ikiruka na kondoo wakizidi kuwa wakubwa, niliona inafaa kupunguza mwendo kidogo, kwa ustaarabu, kwa breki ya nyuma. Mkono wangu wa kushoto haukuniuliza chochote. Haukumkumbuka fundi, wala Mmarekani, wala shilingi 1,500. Ulimkumbuka baba, ukamtii kwa vidole vyote vinne.

Gurudumu la mbele lilisimama. Vitu vingine vyote, nami nikiwemo, viliendelea na safari. Uzito wa mtu anayeteremka huwa umeshaelekea mbele hata kabla hajashika breki, na aliyekaa wima juu ya kiti kirefu hana cha kumrudisha. Nilipita juu ya usukani taratibu mno, au ndivyo ilivyonielekea, kwani nilipata nafasi ya kuyaona majengo marefu ya Nairobi upande mmoja, Bonde la Ufa upande wa pili, na viatu vyangu katikati, juu ya vyote viwili. Nyuma yangu nilimsikia mama mmoja akipaza sauti, "Shuka, Bwana! Shuka!"

Nikashuka.

Nilitua katika kichaka cha thabai, yale majani yanayowasha ambayo mama zetu huyachemsha na kuyaponda ndani ya mukimo. Yakishapikwa ni chakula kizuri sana. Mimi niliyakuta mabichi, nikiwa nimevaa kaptura ya kubana iliyowekewa sponji mahali pamoja tu, na si hapo nilipoangukia.

Mchungaji alikuja mbio. Aliwahesabu kondoo wake kwanza, akaridhika, ndipo akanigeukia. "Mzee, breki zilikataa?" Akina mama nao walifika, wakanivuta kutoka kichakani, na mmoja wao akamshukuru Mungu kwa sauti kwamba amenijibu, ingawa sikuwa nimeomba kitu. Mpwa wangu alirudi akisukuma baiskeli yake, akaikagua yangu kwa huzuni ya kweli, kisha akaniangalia na kulazimika kugeuka aelekee upande wa Magadi hadi mabega yake yalipoacha kutikisika.

Rimu ya mbele ilikuwa imejikunja kama namba nane. Tulimpata mwendesha bodaboda aliyekubali kuniteremsha mjini pamoja na baiskeli, lakini alidai nauli ya abiria wawili, akieleza kwamba yule mwingine ana miguu mirefu. Katika zahanati muuguzi aliandika "ajali ya baiskeli", akaniuliza chanzo, akashika kalamu tayari.

"Breki," nikamwambia.

"Hazikushika?"

"Zilishika."

Alinitazama kitambo, kisha akapiga mstari mahali hapo na kuendelea na swali lililofuata.

Jumatatu jioni niliisukuma baiskeli kwa gurudumu moja hadi chini ya mjakaranda. Fundi aliitazama rimu, akautazama mkono wangu wa kushoto uliofungwa bendeji tangu kidoleni hadi karibu na kiwiko, akafuta spana yake kwa kitambaa. Hakusema kwamba aliniambia. Alisema rimu na spoki ni shilingi 2,800, na kuhamisha breki ni bei ile ile ya awali.

"Ila nikuulize, mzee," akaongeza, bila dalili yoyote ya mzaha usoni. "Nizihamishe, au mkono umeshaelewa?"

Nilimwambia azihamishe.